Ardhi Waliyopewa Wayahudi Uasin Gishu, na Sisi Wageni wa Diepsloot

Katika mabishano yetu ya Ijumaa jioni kuna hoja moja ambayo haiishi kurudi: "Wayahudi walipewa Uganda na Mwingereza, wakaikataa!" Anayeitoa huitoa kama kichekesho, watu wanacheka, halafu tunahamia kwenye mpira. Nimeona niiandikie makala, na sababu ninazo tatu. Kwanza, ardhi yenyewe haiko Uganda. Pili, walioikataa walikuwa na sababu zao, na ukizijua kicheko kinaisha. Tatu, wengi wetu tunaishi au tunafanya shughuli zetu Diepsloot, na kile kilichowafanya Wayahudi wa Ulaya waanze kutafuta nchi yao wenyewe, hapa tunakijua vizuri, tena kina jina: makwerekwere.

Mimi ni mtu wa uhandisi, sio wa historia. Kwa hiyo nitaeleza kama tunavyoeleza mtambo: kwanza vipande vyake, halafu namna kimoja kinavyokisukuma kingine.

CHUKI ILIVYOBADILI SURA

Wayahudi waliishi Ulaya kwa karne nyingi kama wageni wasiokwisha ugeni. Uingereza iliwafukuza mwaka 1290, Hispania mwaka 1492. Tauni ilipoiangamiza Ulaya miaka ya 1348 na 1349, uvumi ulienea kwamba wametia sumu kwenye visima, wakauawa mji baada ya mji, ingawa tauni iliwaua na wao vilevile. Sehemu nyingi walikatazwa kumiliki ardhi na kuingia kwenye vyama vya mafundi, wakabaki na biashara ndogo ndogo na kukopesha fedha. Kisha wakachukiwa kwa sababu ni wafanyabiashara na wakopeshaji. Yaani unamfungia mtu milango yote isipokuwa mmoja, halafu unamlaumu kwa nini kapita huo mmoja.

Chuki hiyo ya zamani ilikuwa ya dini, na ilikuwa na upenyo: ukibatizwa, angalau kwa maandishi, yamekwisha. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa Wayahudi wa nchi hiyo walipewa uraia mwaka 1791, na baadaye nchi nyingine za Ulaya Magharibi zikafuata. Watu wakadhani mambo yamekwisha. Kumbe chuki ilikuwa inabadili nguo tu. Mwaka 1879 Mjerumani Wilhelm Marr alilieneza neno jipya, "Antisemitismus", akidai kwamba tatizo la Wayahudi ni damu yao wala si dini. Angalieni tofauti hiyo. Dini mtu anaweza kuibadili, lugha anaweza kujifunza, lakini damu ataipeleka wapi? Upenyo ukazibwa.

Huko Urusi, walikokuwa Wayahudi karibu milioni 5, hata uraia wa karatasi hawakuupata. Tangu mwaka 1791 walilazimishwa kuishi katika mikoa ya magharibi tu. Mfalme Alexander II alipouawa kwa bomu mwaka 1881, magenge yalianza kuvamia nyumba na maduka ya Wayahudi katika miji ya kusini, na mwaka 1882 serikali, badala ya kuwaadhibu wavamizi peke yao, ikawabana waliovamiwa kwa sheria mpya.

Na Ufaransa, nchi iliyotangulia kutoa uraia? Mwaka 1894 kapteni wa mizinga, Alfred Dreyfus, Myahudi aliyesoma École Polytechnique, chuo walichotoka wahandisi na maofisa wengi wa Ufaransa, alihukumiwa kwa usaliti ambao hakuufanya. Januari 1895 alivuliwa vyeo hadharani huku umati nje ukipiga kelele za kutaka Wayahudi wafe. Kosa lake halikusafishwa na mahakama hadi mwaka 1906. Mmoja wa waandishi wa habari waliokuwa wakituma taarifa za tukio hilo kutoka Paris aliitwa Theodor Herzl, wa gazeti la Vienna. Herzl hakuwa mtu wa dini sana; alikuwa Mzungu wa Ulaya kwa mavazi, lugha na tabia. Katika mji wake mwenyewe wa Vienna, mwaka 1897, Karl Lueger alikuwa meya baada ya kupiga kampeni ya kuwachukia Wayahudi.

MAJIBU MATATU

Hapa ndipo penye kiini. Watu wanaochukiwa hivi wanafanya nini? Wayahudi wa Ulaya Mashariki walitoa majibu matatu, na kila jibu lilikuwa na watu wake.

Jibu la kwanza ni kuhama. Kati ya mwaka 1881 na 1914 zaidi ya milioni 2 waliondoka, wengi wao wakienda Marekani. Makumi ya maelfu, hasa kutoka Lithuania, walikuja hapa Afrika Kusini kufuata dhahabu ya Johannesburg.

Jibu la pili ni kubaki na kupigana hapo hapo ulipo. Oktoba 1897, mjini Vilna, wafanyakazi wa Kiyahudi waliunda chama kilichojulikana kama Bund. Msimamo wao: nchi yetu ni hapa tunapofanya kazi, na haki zetu tutazidai hapa, pamoja na wafanyakazi wengine.

Jibu la tatu ni kutafuta nchi yako mwenyewe. Daktari Leon Pinsker wa Odessa alilitoa mwaka 1882 baada ya kuona mauaji ya 1881. Herzl akalitoa upya katika kitabu chake cha mwaka 1896, na Agosti 1897 akaitisha mkutano mkuu wa kwanza wa Wazayuni mjini Basel, Uswisi. Hoja ilikuwa fupi: kama kila mahali sisi ni wageni, dawa ni kuwa na mahali pamoja ambapo sisi ni wenyeji.

Kwa hiyo utaifa wa Kiyahudi haukuota wenyewe kama uyoga. Kwanza ulikuwa na mizizi ya kweli, yaani dini, lugha na kumbukumbu ya Yerusalemu iliyotajwa katika sala kila siku. Lakini injini iliyoiwasha mizizi hiyo ikawa siasa ilikuwa ni kukataliwa.

BARUA YA AGOSTI 1903

Desemba 1902 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipanda treni kutoka Mombasa akiwa safarini kuja Afrika Kusini. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka mmoja tu nyuma. Iligharimu zaidi ya pauni milioni 5 na maisha ya karibu vibarua 2,500 wa Kihindi, lakini mizigo ya kubeba hakuna. Mwingereza alihitaji walowezi wa kulima ili reli ijilipe. Huko London nako kelele zilikuwa zimepanda dhidi ya Wayahudi wa Urusi waliojaa mitaa ya mashariki ya jiji. Weka haya mawili pamoja utaona kwamba ukarimu haukuwa ukarimu mtupu.

Aprili 1903 Chamberlain akamdokezea Herzl. Mwezi huohuo, mjini Kishinev, Wayahudi 49 waliuawa kwa siku mbili. Gazeti la mchochezi Pavel Krushevan lilikuwa limeeneza uvumi kwamba Wayahudi wamemuua mtoto wa Kikristo ili watumie damu yake. Mtoto huyo kumbe aliuawa na ndugu yake mwenyewe. Krushevan huyohuyo, miezi michache baadaye, alikuwa wa kwanza kuchapisha kile kinachoitwa "Itifaki za Wazee wa Sayuni", andiko la uongo ambalo mpaka leo baadhi yetu tunatumiana kwenye simu kama habari mpya.

Tarehe 14 Agosti 1903 wizara ya mambo ya nje ya Uingereza ikaandika barua rasmi: Wayahudi wanaweza kupewa ardhi katika himaya ya Afrika Mashariki, wajitawale mambo yao ya ndani chini ya mkuu wa Kiyahudi, Mwingereza akibaki juu. Eneo lililokuja kutengwa ni uwanda wa Uasin Gishu, takribani kilomita za mraba 13,000. Watu waliita "Uganda" kwa kuwa mpaka mwaka 1902 sehemu hiyo ilihesabiwa Uganda, ikahamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Wandugu wa Eldoret, hapo ni kwenu.

Mkutano wa sita wa Basel, Agosti 1903, ulikuwa karibu kupasuka. Kura 295 zilikubali kupeleka tume ikakague, 178 zilikataa. Waliopinga kwa nguvu zaidi walikuwa wajumbe wa Urusi, wakiwemo wa Kishinev, yaani wale wale waliokuwa wanachinjwa. Walilia ukumbini kama msibani. Kwao mahali pa kujificha na nyumbani ni vitu viwili tofauti. Herzl alifariki Julai 1904, akiwa na miaka 44, mgogoro huo ukiwa haujaisha.

MHANDISI PORINI

Tume ilikuwa na watu watatu: Meja Gibbons, Mwingereza, Alfred Kaiser, mwanasayansi wa Uswisi, na Nahum Wilbusch, mhandisi kutoka Urusi, Myahudi peke yake kati yao. Walifika mwanzoni mwa mwaka 1905, wakatoka Nakuru na wapagazi, wakazunguka uwandani kwa muda usiofika miezi miwili.

Kama mhandisi hapa nina la kusema. Eneo la kilomita za mraba 13,000, watu watatu, msimu mmoja wa mwaka, hakuna vipimo vya mvua vya miaka ya nyuma. Hata mradi wa kisima kimoja hatuukubali kwa data kama hiyo. Isitoshe Wilbusch moyo wake ulikuwa Palestina tangu mwanzo, na taarifa yake ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Walowezi wa Kizungu wakiongozwa na Lord Delamere nao walikuwa wameshapiga kelele magazetini kwamba hawawataki Wayahudi. Mwaka huo huo wa 1905 mkutano wa saba uliikataa ardhi. Leo uwanda ule ambao Wilbusch aliuona hauna maana ni ghala la mahindi na ngano la Kenya.

Lakini kasoro kubwa ya kazi ile sio data ya mvua. Ni swali ambalo halikuulizwa: je, ardhi hii ni ya nani?

"HAPAKUWA NA MTU"

Waingereza waliuona uwanda umekaa wazi wakasema mtupu. Haukuwa mtupu. Mashimo ya mazizi ya Wasirikwa yalikuwa yametapakaa kote, ushahidi wa wafugaji wa karne zilizopita. Wamasai wa Uasin Gishu, walioupa jina, walisambaratishwa na vita vya karne ya 19. Wanandi walikuwa wakilisha ng'ombe wao huko. Na Wanandi hawa walikuwa wakipigana na Mwingereza na reli yake tangu mwaka 1895. Oktoba 1905, wiki chache baada ya mkutano wa Basel kusema hapana, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipigwa risasi na ofisa Richard Meinertzhagen alipokuja kwa mazungumzo ya amani. Hakuna aliyemuuliza Koitalel habari ya barua ya 1903.

Sasa sikieni ya mwisho. Mwaka 1908 ardhi hiyo ilipata walowezi wengine: Makaburu kutoka huku huku Transvaal, familia zaidi ya 40 chini ya Van Rensburg, walioshuka Mombasa na mikokoteni yao ya ng'ombe. Nao walikuwa wameshindwa vita na Mwingereza, nao walitafuta pa kuwa wenyewe. Mji ukaanza kwenye shamba namba 64, ndiyo maana wazee wa Eldoret bado wanaujua kwa jina la Sisibo.

Kosa la kutouliza lilirudiwa mahali pengine. Arthur Balfour, aliyekuwa waziri mkuu mwaka 1905 Uingereza ilipopitisha sheria ya kuzuia wageni wakiwemo Wayahudi hao hao, mwaka 1917 akiwa waziri wa mambo ya nje aliandika barua ya kuwaahidi makao Palestina. Waarabu walikuwa karibu asilimia 90 ya watu wa huko, na barua haikuwataja hata kwa jina. Waliitwa tu jamii "zisizo za Kiyahudi".

MILANGO ILIPOFUNGWA

Mtu anaweza kusema, kwani wasingebaki tu na jibu la kwanza, la kuhama? Walijaribu, milango ikafungwa. Afrika Kusini yenyewe ni mfano. Mwaka 1930 ilipitisha sheria ya kupunguza wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, bila kutaja neno Myahudi. Mwaka 1936 meli ya Stuttgart ilitia nanga Cape Town na wakimbizi 537 wa Kiyahudi kutoka Ujerumani ya Hitler. Wafuasi wa kundi la mashati ya kijivu waliandamana, na miongoni mwa maprofesa wa Stellenbosch waliopinga wakimbizi hao alikuwemo Hendrik Verwoerd. Ndiyo, yule yule wa ubaguzi wa rangi. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuwabana zaidi. Julai 1938 nchi 32 zilikutana Évian, Ufaransa, kujadili wakimbizi hao. Karibu zote zilisikitika, karibu zote zikakataa kuwapokea. Kisha Wayahudi milioni 6 wakauawa. Wengi wa watu wa Bund, waliosema tutabaki na kupigana hapa hapa, waliteketea na mitaa yao.

Baada ya hapo jibu la tatu likawa na nguvu kuliko mengine yote. Israel ilitangazwa tarehe 14 Mei 1948, na katika vita vya wakati huo Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makwao, na wengi wa wajukuu wao ni wakimbizi mpaka leo. Aliyekimbia kwake amepata kwake, na mwingine amekimbia kwake. Hakuna hesabu itakayofanya jambo la kwanza lifute la pili, wala la pili lifute la kwanza.

Tena tusiseme "Wayahudi" kana kwamba ni mtu mmoja. Katika kesi ya Rivonia, iliyotokana na uvamizi wa shamba la Liliesleaf mwaka 1963, si mbali na Diepsloot, mmoja wa waliofungwa maisha pamoja na Mandela alikuwa Denis Goldberg, Myahudi, mhandisi wa ujenzi. Aliyewashitaki, Percy Yutar, alikuwa Myahudi pia. Tangu Afrika Kusini ilipoishitaki Israel kule The Hague mwezi Desemba 2023, maneno yamekuwa makali vyuoni. Kuipinga serikali ni siasa, na kila mtu ana haki yake. Kumshuku mwanafunzi mwenzako kwa sababu ya jina lake la ukoo, hiyo ni ile ya Wilhelm Marr.

DIEPSLOOT

Sasa turudi nyumbani. Diepsloot ilianza katikati ya miaka ya 1990 kama mahali pa kuwaweka kwa muda watu walioondolewa sehemu nyingine. Kwa sensa ya 2011 ilikuwa na watu wapatao 138,000. Mabomba hayakuongezeka kama watu walivyoongezeka, ndiyo maana majitaka yanatiririka barabarani. Mwenye macho ya uhandisi anajua tatizo ni kipenyo cha bomba na matengenezo. Lakini ukisimama kwenye foleni ya maji utaambiwa tatizo ni wageni. Ni habari ya visima vya 1348 ile ile: shida ni ya kweli, ila aliyelaumiwa siye.

Mei 2008 vurugu zilianza Alexandra, zikafika Diepsloot na kwingineko. Watu 62 waliuawa nchini. Mwaka 2013 maduka ya Wasomali Diepsloot yaliporwa. Aprili 2022 kundi la watu lilipita nyumba kwa nyumba likidai vitambulisho, na Mzimbabwe mmoja akapigwa na kuchomwa moto. Mlango uliobaki wazi kwa mgeni ni duka la spaza, na kwa sababu ya spaza anachukiwa.

Na sisi wa Afrika Mashariki tusijifanye watakatifu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda, na wengi walishangilia. Kule Uasin Gishu kwenyewe, ardhi ile ile ya barua ya 1903, tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisani Kiambaa walichomwa moto humo ndani, wengi wao wanawake na watoto. Waliitwa madoadoa. Miezi minne baadaye Johannesburg wakaitwa makwerekwere. Majina tofauti, mtambo mmoja.

Wapo kati yetu wanaosema dawa ni kila taifa lijitenge, Wakongo mtaa wao, Watanzania wao, tujilinde. Naelewa hofu hiyo, mimi pia usiku nafunga mlango mapema. Lakini historia hii inanionyesha kwamba kujitenga kunaleta usalama pale tu unapokuwa na nguvu, na nguvu hiyo mara nyingi humwangukia mtu mwingine dhaifu zaidi. Wengine wanasema turudi kwetu. Wenye kwao salama, sawa. Aliyetoka Goma umwambie arudi wapi?

Mimi nachagua jibu la watu wa Bund, nikijua kabisa lilivyowafikisha. Walishindwa kwa sababu walioishi nao mtaa mmoja waliwaacha peke yao. Basi kazi yetu ni kutokuwa peke yetu: tuhudhurie mikutano ya mtaa, sio ya kwetu tu, tukisikia uvumi eti Mnaijeria fulani kaiba mtoto, tuuzime kabla haujafika barabarani, tuwasaidie watoto wa majirani hesabu Jumamosi kama baadhi yenu mnavyofanya, na mtu akidai maji, tukadai naye, kwa maana bomba ni letu sote. Na Ijumaa ijayo mtu akianza "Wayahudi walipewa Uganda", mwambieni kwanza ni Uasin Gishu, halafu mwulizeni yeye angepewa wapi.